Kabla hujaunga feni kwenye mashine ya gemu, soma kibandiko

Feni ya kompyuta iliyokufa haitupwi huku kwetu. Pita kwa mafundi wa Malindi, wa sokoni na wale wanaofanyia kazi barazani mwao kule Maweni na Barani, utaiona imetundikwa msumarini pamoja na chaja za simu na rimoti zisizo na mfuniko. Inangoja kazi. Leo itawekwa nyuma ya amplifaya ya msikiti, kesho kwenye sanduku la betri ya sola. Na siku hizi, kwa kuwa vijana wamegundua kwamba mashine za gemu za zamani bado zina wapenzi wake, inatiwa ndani ya lile kabati refu la mbao lenye skrini, kishikio na vitufe, ambalo mtu alikuwa akitumbukiza sarafu na kucheza akiwa amesimama.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwezi uliopita nilifungua kabati moja la namna hiyo nikakuta ubao wa nyuma umekuwa mweusi kama chini ya sufuria. Lilibakia kidogo liwake. Na lilikuwa linakwenda kuwekwa mbele ya duka, mahali ambapo watoto wa mtaa mzima wangelizunguka likizo ya shule.

Kwa wasiozijua mashine hizi, zilivuma duniani baada ya kampuni ya Taito ya Japani kutoa Space Invaders mwaka 1978, kisha Pac-Man ya Namco ikafuata mwaka 1980. Mimi nilizijua kupitia hoteli. Waitaliano wamezoeleka Malindi tangu miaka ya 1960 walipoanzisha kituo chao cha San Marco kule Ngomeni, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Utalii ukaleta mahoteli, na mahoteli yakaleta vitu vya kuwapumbaza wageni mvua ikinyesha. Hoteli ikifungwa vitu hivyo huuzwa kimoja kimoja: viti, majokofu, magodoro, na kule kwenye kona mashine ya gemu ambayo hakuna anayejua kama inawaka.

Hiyo ninayoisimulia ilinunuliwa hivyo hivyo na mwenye duka mmoja mtaani kwetu. Fundi wake, kijana mwenye mkono mzuri, alikuwa ameshairudisha picha na sauti. Alinipigia simu kwa sababu ya feni. "Ami," akaniambia, "feni hazizunguki, na nikiiacha dakika kumi inatoa harufu." Nilisomea umeme nikapata stashahada, basi vijana hunikumbuka pale nyaya zinapowashinda.

Tulipofungua mlango wa nyuma tulikuta feni mbili za chuma, nzito, pana kama sahani ya kikombe. Moja imekwama. Ya pili imeungua, na ganda la nyaya zake limeyeyuka likagandana na ubao. Nikafuta kibandiko kwa kitambaa: volti 115, hezi 60. Chini kwenye sakafu ya kabati kulikuwa na matundu manne ya skrubu, na katikati yake mstatili safi usio na vumbi kama pale ulipotoa kabati ukutani ukaona rangi ya zamani.

Mstatili ule ulinieleza kila kitu. Pale palikuwa na transfoma. Mashine nyingi zilizotengenezwa Marekani zilitumia feni na taa za volti 115, kwa kuwa stima ya kwao ni volti 120. Zikiuzwa nje, mtengenezaji alibadilisha tu mahali pa kuunga waya wa kuingilia kwenye transfoma. Upande wa pili bado ulitoa 115, na feni haikujua kama iko Chicago au Casuarina. Miaka ikapita, transfoma ikachoka, fundi fulani akaing'oa na kuweka pawasaplai ya kisasa inayopokea kuanzia volti 100 mpaka 240. Kazi nzuri. Ila nyaya za feni zilibakia zinaning'inia hazina pa kwenda, naye akazifunga moja kwa moja kwenye stima ya ukutani.

Stima yetu Kenya ni volti 240. Ukiipa mota ya volti 115 mara mbili ya volti zake, joto halipandi mara mbili. Linapanda kwa mraba, yaani zaidi ya mara nne. Feni iliyoundwa kuvumilia wati 15 inalazimishwa kumeza 60 na zaidi. Kwa muda itazunguka na mwenyewe utaisifu. Kisha beringi zinakauka, inakwama, na mota iliyokwama huku ina umeme haina tofauti na pasi iliyosahauliwa juu ya shati.

Mwenye duka akauliza swali la maana: kwa nini fyuzi ya plagi haikukatika? Plagi ile ilikuwa na fyuzi ya ampea 13, ambayo huruhusu zaidi ya wati 3,000, umeme wa kuchemshia birika. Feni inayoungua polepole haikaribii hata nusu ampea. Fyuzi ile inaulinda waya unaotoka kwenye plagi, haiijui feni wala haina habari nayo. Mashine ya gemu inatosheka na fyuzi ya ampea 3, na inauzwa duka lolote la vifaa vya stima. Bado haitaiokoa feni, lakini angalau waya wa mashine hautageuka utambi.

Sasa kuna jambo ambalo nataka vijana wetu walishike kuliko yote, nalo ni rangi za nyaya. Ndani ya kabati lile kulikuwa na nyaya nyeusi za makabila matatu. Katika stima ya Marekani, waya mweusi ndio wenye moto, mweupe ndio nyutro, na kijani ni athi. Katika nyumba zetu za zamani, zilizofuata mtindo wa Kiingereza, mwekundu ndio wenye moto na mweusi ni nyutro. Katika feni ya kompyuta, ambayo inatumia umeme wa betri, mweusi ni hasi na mwekundu ni chanya. Fundi aliyezoea redio na kompyuta anauona mweusi moyo wake unatulia. Anaushika. Akiwa ndani ya kabati la Kimarekani, ameshika moto.

Kwa hiyo rangi iache. Chomoa plagi, uiweke mahali unapoiona kwa macho yako, ndipo ufuate waya kwa kidole kutoka mwanzo wake mpaka mwisho. Halafu pima kwa mita. Mita ya bei rahisi inatosha.

Na ukiwa humo ndani, skrini usiiguse. Mashine hizi zina kioo cha zamani chenye kisogo kirefu kama cha TV za mgongo, na ule mpira uliobandikwa juu yake kama kikombe unabeba volti 20,000 na zaidi. Umeme huo unaweza kubakia baada ya kuzima. Kijana wangu anajua kuutoa kwa utaratibu wake. Kama wewe hujui, weka feni zako chini na juu, kazi ya skrini mwachie anayejua.

Tukaamua feni za chuma ziende. Angeweza kuagiza nyingine za volti 240, zipo, lakini feni ya kompyuta ya volti 12 ina fadhila mbili: ni tulivu, na mtoto akitia kidole kwenye waya wake hatarushwa. Fundi alikuwa nazo mbili za milimita 120 pale msumarini. Alizinunua mia mia kutoka ofisi moja iliyokuwa ikitupa kompyuta.

Feni ya namna hii huwa na nyaya mbili, tatu au nne. Mwekundu ni chanya ya volti 12 na mweusi ni hasi. Wa tatu, mara nyingi wa manjano, ni wa kuieleza kompyuta feni inazunguka kwa kasi gani, na wa nne, mara nyingi wa bluu, ni wa kompyuta kuamrisha kasi. Hiyo miwili ya mwisho hatuihitaji. Ikate na uifunike ncha, isije ikagusa kitu. Zingatia kwamba kuna baadhi ya watengenezaji, hasa wa kompyuta zenye majina makubwa, wanaojipangia rangi zao wenyewe. Ndiyo maana narudi kwenye kibandiko kila mara: kinakuambia volti na ampea, na ile alama ya mstari ulionyooka wenye nukta chini yake inakuambia ni umeme wa betri, wala si wa ukutani.

Feni hizi hazina brashi kama mota ya cherehani. Ndani mna sumaku inayozunguka na kijiubao kidogo cha elektroni kinachopokezana umeme kati ya koili. Ndiyo sababu ukigeuza chanya na hasi haizunguki kinyume, kama wengi wanavyodhani. Inasimama, au unaiua. Ukitaka upepo uende upande wa pili, geuza feni yenyewe.

Zote mbili ziungwe sambamba: wekundu pamoja, weusi pamoja. Ukiziunga mkufu, moja nyuma ya nyingine, kila moja itapata volti 6 hivi na zitakuwa zinategeana kama watu wawili kwenye mlango mmoja. Zikiwa sambamba volti zinabakia 12 na ampea zinajumlishwa. Zetu zilikuwa za ampea 0.25 kila moja, kwa hiyo nusu ampea kwa jumla, na wakati wa kuanza zinavuta zaidi kidogo. Adapta ya volti 12 na ampea 1, kama ile ya ruta ya intaneti, inatosha na kubakiza.

Hapo tukabishana, fundi na mimi. Yeye alitaka kuchukua volti 12 kutoka pawasaplai ya gemu yenyewe, kwani zipo. Ni kweli zipo. Tangu mwaka 1985 watengenezaji wa Japani walikubaliana mpangilio mmoja wa pini, unaitwa JAMMA, na ndani yake pini ya 6 ni volti 12 na pini za 3 na 4 ni volti 5. Lakini ile ya 12 kwa kawaida ndiyo inayolisha amplifaya ya spika. Ukitundika mota mbili hapo unakaribisha mvumo kwenye sauti, na siku feni ikifa vibaya inaweza kuivuta pawasaplai chini pamoja na bodi ya gemu, na bodi ile haipatikani tena dukani. Wapo wanaofanya hivyo na hawajapata shida. Mimi nilisema feni ziwe na adapta yao, na adapta hiyo iwake kwa swichi ile ile inayowasha mashine, mtu asije akawasha gemu akaziacha feni zimelala. Tukatia na fyuzi ndogo ya ampea 1 kwenye waya mwekundu.

Viungo vyake tulilehemu na kuvivisha ule mpira unaosinyaa ukitiwa moto. Hapa pwani sitaki kusikia habari ya kusokota nyaya na kuzungushia tepu. Chumvi ya bahari inaingia kila mahali. Shaba iliyosokotwa inaota kutu ya kijani baada ya msimu mmoja, kutu inazuia umeme, na pale umeme unapozuiwa pana joto. Tepu nayo, kwa joto la Februari na Machi, gundi yake inalainika, inateleza na kuacha waya uchi. Nenda Watamu au Takaungu, angalia taa za nje za nyumba zilizo karibu na maji, utaona ninachosema.

Kisha ni swali la upepo uende wapi. Sisi ni watu wa kusi na kaskazi, tunajua kwamba upepo usio na pa kutokea hauingii. Kabati lile lilikuwa na feni mbili zote zinasukuma ndani, kama mtu anayejaza puto. Hewa ya moto hupanda, basi isaidie njia yake: feni moja chini nyuma iingize, moja juu nyuma itoe. Ukitaka kujua feni inapuliza upande gani kabla hujaifunga, tazama mikono ya plastiki inayoshikilia kitovu chake. Upepo hutokea upande huo. Baada ya kufunga, sisi tuliwasha kijiti cha udi tukakisogeza kwenye tundu la chini, moshi ukavutwa ndani na baada ya muda ukatokea juu. Duka likanukia vizuri siku nzima.

Watu hupenda kurundika feni nne, tano. Haina haja. Mashine ya aina hii inatoa joto la wati 100 hivi. Ili hewa inayotoka isizidi ile inayoingia kwa zaidi ya nyuzi 10, inatosha kupitisha meta 30 za ujazo kwa saa, na feni nzima ya milimita 120 kwa kawaida inafikisha hapo hata ikiwekewa wavu. Ila fahamu kwamba feni haiwezi kuifanya mashine iwe baridi kuliko chumba. Nje kukiwa nyuzi 32, ndani utapata 40 ukijitahidi. Pamoja na hayo faida ni kubwa: zile kapasita ndogo zilizosimama kama mapipa kwenye bodi, mafundi wana kipimo chao kwamba ukipunguza joto kwa nyuzi 10 unaongeza umri wake mara mbili.

Kabati lisibanwe ukutani, liachie shubiri moja. Tundu la kuingizia hewa tulilifunika kwa kipande cha chandarua kikuukuu, kinachozuia vumbi na mijusi, na kinafuliwa kila mwezi. Kaskazi inapovuma na vumbi lake, kila wiki mbili.

Feni ya zamani inayolia kama kriketi usikimbilie kuitupa. Bandua kibandiko cha katikati, mara nyingi utakuta kifuniko kidogo cha mpira, na chini yake ni ekseli. Tone moja la mafuta ya cherehani, zungusha kwa kidole, futa, rudisha. Mafuta ya nazi ni ya nywele. Ndani ya feni yanaganda na kunasa vumbi. Na yale ya kupulizia ya kulegeza nati yanakausha hata kile kilichokuwepo. Kama ekseli inacheza kushoto na kulia hata baada ya mafuta, hiyo imeisha.

Hayo yote yalituchukua Jumamosi moja, kuanzia asubuhi mpaka baada ya Alasiri. Gharama: feni 200, adapta 500, fyuzi, nyaya na mpira 300. Mwenye duka akalipa bila neno. Tatizo lilikuja nilipopima mlango wa sarafu. Ni wa chuma, uko usawa wa kifua cha mtoto, na kati yake na pini ya athi ya plagi mita haikusoma kitu. Haukuwa umeungwa popote. Waya wa moto ukilegea humo ndani na kugusa chuma kile, mtoto aliyesimama peku kwenye sakafu iliyotoka kupigwa maji ndiye atakayekuwa athi.

Waya wa mlango tuliuunga siku hiyo hiyo, mita ikasoma karibu na sifuri. Lakini tulipopima soketi ya duka, nayo tundu lake la athi halina kitu nyuma yake. Nikamwambia mzee kazi ya nyumba si yangu wala ya fundi wa redio, atafute fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA amtilie athi ya kweli, na pia ile swichi ya usalama inayokata yenyewe umeme ukivuja, ya miliampea 30. Swichi hiyo peke yake bei yake imepita kila kitu tulichonunua. Akaguna. Akasema gemu ni shilingi kumi, atairudisha lini pesa hiyo, na kwani duka si limekaa miaka yote na friji na hakuna aliyekufa?

Nikamjibu kwamba friji hushikwa na watu wazima wawili wenye viatu. Yeye mwenyewe ana wajukuu wanne, na tulipokuwa tunafanya kazi wote wanne walikuwa wameegemea kabati lile wakiuliza litawaka saa ngapi. Hakunijibu. Siku ya tatu alimtuma mtoto kuniuliza jina la ile swichi niliandike kwenye karatasi. Fundi wa stima anakuja wiki ijayo, inshallah, na mpaka hapo mashine imefunikwa shuka, plagi yake imekatwa na iko kwenye droo ya kijana wangu.